Mshale Ulipopanda

Juzi pale Majengo nilimwona fundi akichomoa plagi za gari ili apime kompresheni, ule mgandamizo wa hewa unaoipa injini nguvu, na harufu ya oili iliyoungua ikanirudisha uani kwetu Mkonze.

Baba alikuwa amepunguzwa kazini, shirika lao linauzwa, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa kimeishia kwenye pikapu kuukuu ya kubebea mahindi kutoka Mlali. Haikuwa na nguvu. Mimi nikawekwa kwenye usukani, nikanyage mafuta hadi mwisho na kuzungusha ufunguo kila Fundi Juma aliposema, "Piga!" Injini ilihema tu, chwi, chwi, chwi, na mshale wa kipimo haukutaka kupanda. Baba akasonya.

Fundi akamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi. "Piga tena, binti."

Mshale ukapanda!

"Imepona!" Baba akapaza sauti, akamwita mama aje aone. Nilipiga makofi. Nilidhani oili ni dawa.

"Mzee, subiri kwanza," fundi alisema, lakini kwa sauti ya chini mno. Hilo linanikera hadi leo. Angepiga kelele! Mshale ukipandishwa na oili, ringi za pistoni, zinazozuia mgandamizo usivuje, zimekwisha. Oili imeziba pengo kwa muda tu. Tulishangilia msiba wetu wenyewe. Pikapu ile haikufika Mlali hata mara moja.

Pale Majengo, fundi alimimina oili, mshale ukapanda. Mwenye gari akacheka, akatoa simu ampigie mkewe. Nilitamani kumpokonya.