Kipimo cha Sikio Mlangoni kwa Gervas

Enzi zetu hapa Kasulu hakuna aliyekudai cheti cha kuzaliwa. Ulipelekwa shule, ukaambiwa upitishe mkono juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la upande wa pili, umri umetosha, kaa kwenye mstari. Mliokulia miaka ya tisini mnanielewa. Tulikula ugali wa muhogo na maharage mpaka tukasahau kama kuna chakula kingine, tukacheza rede hadi miguu ikawa myekundu kama udongo wenyewe, na mzazi yeyote wa mtaani alikuchapa, nyumbani ukaongezwa. Hawa wa leo ukimkazia macho tu anasema umemuumiza moyo.

Mimi niliishia darasa la nne. Hilo halinipi aibu. Mashine ya kusaga ninayo, na nyumba ya matofali ya kuchoma nimejenga kwa mikono yangu. Aibu yangu iko kwingine.

Mjini palikuwa na kibanda cha video: mabati juu, maturubai ya wakimbizi pembeni, jenereta nyuma linanguruma kuliko picha yenyewe. Jumapili mchana, watu wakitoka misa, wanaonyesha. Picha za kutisha zilikuwa za watu wazima tu, na ubao mlangoni ulisema hivyo kwa chaki. Mlinzi wa mlango alikuwa kijana anaitwa Gervas. Sasa Gervas angemjuaje mtu mzima? Kipimo alichokijua ni kile kile cha shule. Ukigusa sikio, umekuwa mtu mzima, toa hela uingie. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mtu mzima nilishakuwa mara nyingi.

Tatizo lilikuwa mdogo wangu Adela, mtoto wa miaka sita. Mama alishaniambia, "Ukimwacha huyu mtoto nyuma, na wewe usirudi." Na Jumapili iliyokuwa inakuja kulikuwa na picha ya maiti wanaofufuka. Basi wiki nzima nikawa naye nyuma ya migomba, namfundisha: laza shingo, vuta bega, usicheke. Mkono ulikuwa mfupi, kazi kubwa ilifanywa na shingo.

Mlangoni Gervas akamtazama. "Na huyu ni mtu mzima?"

"Amedumaa tu, kaka. Mimi ni mdogo wake."

"Dada mtu na makamasi hayo?" Watu waliokuwa nyuma yetu wakacheka. "Haya, dada mkubwa, pitisha mkono tuone."

Adela akalaza shingo, akagusa. Gervas akasogea pembeni, maana kipimo kimekubali.

Ndani ya picha ile alitoka bibi kaburini, nywele nyeupe, jicho moja limefumba. Wakubwa wakapiga kelele, wakacheka. Adela alinishika mkono, kucha zikaingia kwenye ngozi. Njiani nikamwambia, "Ukisema nyumbani, baba atatuchapa wote wawili." Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake asubuhi tulikuwa uani tunamenya mihogo na mama na jirani mmoja. Akapita Bibi Sabina, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na jicho lake moja lilikuwa limekufa tangu kabla sijazaliwa. Huyu bibi ndiye aliyekuwa anatuchomea viazi tukitoka shule. Akapiga makofi ya taratibu, kama tunavyosalimiana sisi Waha. "Mwakeye."

Adela akajikojolea pale pale. "Ni yeye, mama. Amekuja kunichukua." Kisha akaanguka.

Mama alimbeba, macho yake kwa Bibi Sabina. Yule jirani akasema polepole, "Mtoto hadanganyi. Kuna kitu amekiona."

Nilikuwa na kisu na muhogo mkononi. Maneno mawili yangetosha: tulikwenda video. Nilimwogopa baba na fimbo yake. Nikaendelea kumenya.

Adela alishikwa na homa, na kila akimwona yule bibi anapiga kelele upya. Mwezi haukuisha, mtaa mzima ukawa hauitikii salamu yake. Anapiga makofi, watu wanageuka kama hawajasikia. Kisimani wanawake walisubiri aondoke ndipo wachote. Mwisho mtoto wake akaja kutoka Kibondo na baiskeli, akafunga godoro na masufuria, mama yake akawa anatembea nyuma. Hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilichungulia dirishani mpaka wakapotea.

Miaka baadaye, nikiwa nauza maharage mnadani Kibondo, Bibi Sabina akaja mbele ya meza yangu. Alinitambua kwa sauti.

"Modesta, mjukuu wangu. Yule mtoto alipona?"

"Alipona, bibi."

"Nashukuru. Nilikuwa namwombea."

Nikamjazia kanga maharage, nikakataa hela yake. Nilijidanganya kwamba yametosha. Msimu uliofuata nikaambiwa amefariki.

Watoto wa leo hawana Gervas. Simu inawauliza mwaka wa kuzaliwa, wanabonyeza wanaoutaka, na maiti wanafufuka kitandani kwao wenyewe. Naona ni vibaya, lakini mdomo wa kuwasema sina. Angalau siku hizi mtoto akiweweseka mama yake anamuuliza ameangalia nini. Sisi tuliulizwa tumemwona nani, na huyo aliyeonekana akahamishwa.

Adela yuko Titye, ana watoto wanne. Bado anawasimulia kwamba akiwa mdogo alirogwa na bibi mwenye jicho moja, na ni maombi ya mama yetu yaliyomwokoa. Krismasi iliyopita alisimulia tena, tukiwa tumekaa wote tunakula. Mwanawe mkubwa hakuamini, akaguna.

"Muulize mama mkubwa," Adela akamwambia. "Alikuwepo."

Yule kijana akanigeukia. Nikasema ndiyo, nilikuwepo.