Skana Iliyolilia Jina

Watu wa mtaa wetu hapa Korogwe husema mwanangu Hafsa anajisikia. Ni kweli, anajisikia. Mimi ndiye niliyemzaa na sioni kwa nini ajifiche. Alipomaliza mafunzo ya ufundi wa kompyuta hakukimbilia Dar. Alichukua duka la Sadala, mpiga picha aliyehamia Mombo, pamoja na vyombo vyake chakavu, na sasa anachapa, anatoa kopi, anafufua kompyuta za watu.

Masika yaliyopita radi iliiua ruta ya zamani, kile kidude kinachotoa waifai dukani. Hafsa akanunua mpya, akaipa jina HAFSA MTAALAMU, ili kila anayepita barabarani na simu yake alisome. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa, mama yangu, Bi Fatu, ndiye mwanamke wa kwanza kuendesha mashine ya kuchakata majani katika kiwanda kimoja cha mkonge kule Ngombezi. Mwaka huu kiwanda kimejenga ukumbi, wakaamua kutundika ukutani picha kubwa za wafanyakazi wa zamani. Wanaume walijaa tele. Mama naye alikuwemo, ila walisema wazi kwamba ambaye picha yake haijafika hadi Ijumaa saa tisa alasiri, hatundikwi. Na picha pekee ya mama ya enzi zile ni ya kitambulisho cha kazi, ndogo kama kucha ya dole gumba. Tuliipiga kwa simu, tukaikuza, uso ukawa ukungu mtupu. Ilihitaji skana.

Ijumaa asubuhi tukaenda dukani. Mama alivaa kanga mpya kana kwamba anapigwa picha upya.

"Shikamoo, bibi," Hafsa akamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, nitoe humo nikakae ukutani."

Hafsa akaweka picha, akabonyeza. Kimya. Tangu ile radi hakuna mteja aliyekuwa ameihitaji skana. Kitundu chake cha waya kilivunjika tangu enzi za Sadala, na kioo chake kidogo hakiwaki, kwa hiyo haina njia ya kuifikia kompyuta isipokuwa waifai. Taa yake ikawa inapepesa tu. Hafsa akaizima, akaiwasha. Akaizima ruta, akaiwasha. Akaibeba skana akaiweka ubavuni mwa ruta kabisa. Taa inapepesa. Adhuhuri ikaadhiniwa, mama akaswali, akarudi kwenye benchi.

"Basi," akasema mwishowe. "Watundike wanaume wao."

Nilitamani kulipiga teke lile lidude. Hafsa machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mama alipomwona hivyo, akamtania: "Usilie na wewe. Au hicho nacho kinalilia jina, kama ulivyolia wewe?"

Kwetu mtoto akilia usiku na mchana bila ugonjwa, husemwa analilia jina la marehemu fulani wa ukoo. Hafsa alilia hivyo. Tulimwita majina chungu nzima, hadi ndugu za baba yake kutoka Kang'ata walipotaja la bibi yao, Hafsa, akanyamaza na kulala.

Hafsa akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Bibi, ndicho chenyewe! Skana hii inaijua waifai ya Sadala tu. Kioo kimekufa, siwezi kuifundisha nyingine. Lakini ruta mpya nikiipa jina la ile iliyokufa, na neno la siri lile lile, haitajua tofauti."

Akampigia Sadala. Sadala akacheka weee, kisha akamtajia neno la siri, akasisitiza herufi ya kwanza ni kubwa. Hafsa akageukia kompyuta. Nilimwona akisita alipofika kwenye jina lake. Kisha akafuta HAFSA MTAALAMU yote, akaandika Sadala Studio.

Tukasubiri. Taa ikaacha kupepesa, ikatulia. Skana ikanguruma, na mama akaanza kujitokeza kwenye kompyuta kuanzia juu: kilemba chenye nyuzi za mkonge zilizonasa, paji la uso, kisha macho makali ya msichana asiyemwogopa msimamizi yeyote. Mama akapiga kigelegele mwenyewe. Saa tisa ilikuta picha imeshafika.

Mtaani wakaanza: "Mtaalamu kahama?" Hafsa akawajibu waende Ngombezi wakaangalie ukutani. Nilijivunia mwanangu kuliko siku aliyopewa cheti.

Siku ya kufungua ukumbi mama alijikuta juu pale, katikati ya wanaume, mkubwa sawa nao. Akaenda kusimama chini ya picha yake. Hotuba zikasomwa, soda zikagawiwa, yeye yuko pale pale. Nikamletea kiti.

"Kaa, mama. Miguu itakuuma."

"Iache iume," akasema. "Ile mashine niliiendesha kwa kusimama, Maryamu, na mimba yako tumboni. Leo ndiyo nikae?"

Nikakirudisha kiti, nikaja kusimama naye.