Selotepu Nyeusi kwenye Kona ya Skrini

Kwa miezi mingi kona ya juu ya skrini yangu ilikuwa na kipande cha selotepu nyeusi, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Wateja walipouliza niliwaambia kioo kina ufa. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimeficha kidoti.

Nina steshenari hapa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha. Natoa kopi, naprinti, najazia watu maombi mtandaoni. Kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video, na aliyejifunza mwenyewe huishi na hofu kwamba kuna somo moja kila mtu alilipata isipokuwa yeye. Kidoti kile kilitokea kwenye brauza, programu ninayofungulia imeili za wateja. Kwanza kilikuwa kijani, kikawa cha rangi ya machungwa, mwisho chekundu. Maana yake kulikuwa na apdeti inasubiri, ya kuziba matundu ya usalama.

Sikuiamini. Kabla ya hapo dirisha liliwahi kuruka katikati ya skrini, likaniambia brauza imezeeka, nibonyeze hapa. Nikabonyeza. Lilikuwa la wezi. Ilibidi nifute kompyuta nzima, CV za wateja zikapotea. Tangu siku hiyo, chochote kilichoniambia kinataka kunilinda nilikiona mwizi aliyevaa sare ya mlinzi. Nikazima apdeti zote. Kidoti kikabaki kinanikodolea, nami siwezi kufanya kazi mbele ya kitu kinachosema kuna jambo sijamaliza. Selotepu niliikata kwa rula.

Kati ya wateja wangu yumo mwalimu wa shule ya msingi huko Kisarawe. Aliomba uhamisho aje Kibaha, maana mama yake anaishi huku Tangini peke yake na hawezi tena kuinuka kitandani bila kushikwa. Imeili nilimfungulia mimi. Huku kwetu mwenye steshenari ndiye anayetunza paswedi za watu, wao husahau, na zote nilizotunziwa watu zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya brauza ileile. Kila Jumamosi, akitoka kumwona mama yake, alipitia kwangu: "Mwanangu, nifungulie tuone kama wameandika."

Jumatatu moja akapiga simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, nimetuma nini?"

"Umetuma wapi?"

"Afisa wa uhamisho kanisema kama mtoto. Eti nimemtumia faili la ajabu, na walimu wenzangu nao wamelipata. Mimi hata kutuma sijui, si unanitumiaga wewe?"

Sikujishuku mimi. Nilimshuku fundi simu wa jirani, kwa sababu Ijumaa alikuja na flashi yake. Nikamwita, na kiti sikumpa.

"Ijumaa ulichomeka flashi hapa."

"Nikaprinti tangazo la kuku. Kwani wametoroka?"

"Imeili ya mteja wangu inatuma vitu yenyewe."

Akainama kwenye skrini. Kabla sijamzuia, alishaibandua selotepu kwa ukucha. Akakitazama kidoti, akanitazama mimi.

"Mtaalamu wa video," akasema, "mlango umeuacha wazi miezi yote hii, halafu unamkamata aliyepita na kuku!"

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, mtu anaijuaje apdeti ya kweli. "Ya kweli haikurukii usoni," akasema. "Unaifuata mwenyewe, ndani ya mipangilio ya brauza." Tukaifuata. Ilichukua muda mfupi kuliko niliotumia kukata selotepu. Nilitaka aniambie kwa hakika kwamba mwizi alipitia hapo, akakataa. Labda tundu, alisema, labda faili nililofungua bila kuangalia. Nilimwomba radhi. Nakiri pia kwamba hadi leo flashi yake naitazama mara mbili.

Mwalimu alipokuja Jumamosi nilimweleza yote, hata uongo wa kioo. Akanyoosha kidole akaigusa ile kona.

"Na mimi nilikuwa naogopa kushika hapa nisijikate."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ombi halijafutwa. Afisa anataka nimpelekee barua kwa mkono, nithibitishe imeili ni yangu na mtu mwingine haingii. Majibu yatakuja humuhumu. Kwa hiyo leo paswedi naweka mwenyewe. Geuka."

Nikageukia ukuta. Alibonyeza kwa kidole kimoja, polepole, kama anayepanda mahindi. Sikukusudia kuhesabu.

"Nimemaliza."

"Naomba uiweke upya, Mwalimu."

"Kwa nini tena?"

"Ni herufi kumi na moja. Nimehesabu."

Akanitazama kwa macho yale ya mbele ya darasa. "Toka nje."

Nikatoka, nikasimama kibarazani mgongo wangu ukiwa mlangoni, nikiangalia malori yanavyopita ili nisisikie. Alichukua muda mrefu. Hatimaye akaita:

"Mwanangu! Inaniuliza kama iihifadhi hii paswedi. Nibonyeze nini?"

Sikugeuka.

"Bonyeza hapana, Mwalimu."