Karatasi Iliyokataa Kugeuka

Nilijigamba, nakiri. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha sayansi Garissa, niliwatangazia wanafunzi kwamba pombe ni asidi, na kwamba karatasi ya litmasi ya buluu ingegeuka nyekundu mara tu ikiigusa. Ushahidi wangu? Pombe huchoma koo. Katika darasa la watoto wa wafugaji Waislamu, nani angenibishia?

Pombe yenyewe ilikuwa spiriti ya kusafishia vidonda, kidogo tu ndani ya kikombe, niliyopewa na dresa, mfunga vidonda wa dispensari. Litmasi ndiyo ilikuwa adimu. Wakati ule wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini-mashariki, kila kitu kililetwa na malori yanayosindikizwa na askari, na vifaa vya shule vilipakiwa mwisho. Nilibaki na vipande vitano.

Nikachovya cha kwanza. Buluu. Cha pili, buluu vilevile. Nikaanza kuilaani karatasi kwamba imeharibiwa na joto. Hapo hapo mzee mmoja akasimama mlangoni, kibuyu cha maziwa ya ngamia mkononi. Alikuwa baba wa mmoja wa wasichana wawili tu wa darasa langu, yule aliyewashinda wote kwa hesabu.

"Mwalim, nasikia wewe nafundisha mtoto yangu bombe. Mimi nakuja kuchukua yeye."

Nimpoteze msichana yule kwa ajili ya kikombe cha spiriti! Nilijaribu kueleza kwamba ni ya majaribio tu, si ya kunywa.

Msichana akainuka. "Aabo, ngoja kidogo," akamwambia baba yake, kisha akanigeukia. "Mwalimu, hatujui kama karatasi ni mbovu. Tujaribu kitu tunachojua kimechacha, maana kilichochacha ni asidi." Bila kusubiri ruhusa yangu, akakiomba kile kibuyu.

Maziwa yalikuwa ya siku kadhaa, makali ya kukunja uso. Kipande cha tatu kiliyagusa tu, kikawa chekundu. Darasa zima likapiga makofi. Cha nne akanipa mimi nikichovye kwenye spiriti, maana yeye hakutaka kuigusa. Buluu.

"Masiwa nabadilisha, bombe hapana?" mzee aliuliza, akiwa amekwisha kuingia hadi katikati ya darasa.

"Haa, ndiyo, Aabo. Karatasi ni nzima. Pombe si asidi. Mwalimu ndiye amekosea."

Watoto walinitazama kuona kama nitakasirika. Mimi huwa mwepesi wa hasira, lakini siku ile nilicheka mpaka nikashika meza. Sijawahi kufurahia kukosolewa namna ile.

Mzee alinitazama mimi, akamtazama binti yake.

"Yeye nafundisha wewe?"

"Leo, ndiyo," nikamjibu.

Alikipangusa kibuyu chake kwa ncha ya shuka.

"Basi yeye nabaki hapa," akasema. "Nyumbani iko dada yake, mdogo. Kesho naleta."

Kesho yake alimleta kabla ya kengele, akiwa amemshika mkono, na wasichana wangu wakawa watatu.