Karata ya Samaki

Majina ya watu siandiki, lakini hiyo hainizuii kusema nani alifanya nini. Mtoto wangu aliharibiwa na watu wawili: wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na pasta wake wa Columbus, mwenye chumba cha maombi nyuma ya duka la matairi. Wote wawili ni wazima, wanakula na kucheka. Mtoto wangu yuko Buffalo, mtaa wa Black Rock, na kwa miaka ananijibu Kiingereza tu, yeye aliyekuwa anajua mpaka matusi ya Uvira, kwetu Kongo.

Mambo yalianzia Louisville, hapa hapa Marekani. Tulipotoka kambi ya wakimbizi nilipata kazi ya kutunza bibi mmoja Myahudi kule Shively, miguu yake ilikuwa imeshakataa. Shule yangu vita viliikata darasa la nne, na Kiingereza changu kilikuwa cha salamu na sabuni. Donc, kwa hiyo, Jumamosi binti yangu alikuwa anakuja kunitafsiria.

Ukutani kwa bibi kulikuwa na mchoro wa mti usio na majani, maduara kumi yaliyounganishwa kwa mistari. Nilimuuliza kama ni ukoo wake. Alicheka mpaka akakohoa.

“Labda ni ukoo wa kila mtu,” alisema.

Akatueleza kwamba ni mti wa Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi. Maduara ni namna kumi Mungu anavyojionyesha. La juu ni Taji, la chini ni Ufalme, yaani hapa hapa tunapofagia. Katikati kuna njia ishirini na mbili, na kila njia ina herufi yake ya Kiebrania. Halafu akatoa karata zenye picha, za tarot. Alisema Wazungu wengine wa baadaye ndio waliozitundika kwenye zile njia, karata moja kwa kila herufi. Babu yake mwenyewe, aliyekuwa anasoma Kabala kwa maombi, angemfukuza nyumbani kama angeziona.

“Na mimi baba angenifukuza,” binti yangu akamwambia, wakacheka pamoja.

Si kweli, baba yake hakuwa mtu wa kufukuza. Tulikuwa tukirudi jioni anatupokea mlangoni: “Wachawi wangu wawili, leo mmeroga nani? Chakula kiko wapi?” Siku moja alisema hivyo akiwa na simu mkononi, dada yake upande wa pili anasikia. Neno lile wifi alilitunza.

Karata ya kumi na tatu ni Kifo. Mifupa imevaa chuma, imepanda farasi mweupe, mfalme amelala chini, na mtoto amepiga magoti mbele ya farasi, hana woga. Mimi nilisema iondolewe. Bibi akasema hapana, usome kwanza herufi yake: Nun, maana yake samaki.

“Kwa nini samaki?” binti aliuliza.

“Kwa sababu anaishi mahali ambapo wewe ungekufa.”

Njia yake, akasema, inatoka duara la Uzuri kwenda la Ushindi. Mimi sikushika yote. Binti alishika. Jioni alimhadithia baba yake, mtu wa ziwa Tanganyika aliyekuwa akiona ndagaa kwenye sahani anasahau wageni. “Bon,” mume wangu akasema, “hiyo ni karata yangu. Mmwambie bibi aniwekee.”

Bibi alipofariki, watoto wake walimpa binti yangu pakiti nzima. Sisi tukahamia Columbus, wifi alituita, kulikuwa na kazi ghalani. Huko ghalani mume wangu alianguka, moyo ukasimama.

Kilio kilifanyika katika chumba cha pasta. Kwetu mjane anakaa kwenye godoro sakafuni, hainuki, hasemi, mpaka saa ya kuaga mwili. Walinikalisha miguuni pa sanduku, mama wa kanisa kila upande. Binti yangu akaja, akainama juu ya baba yake, akachomeka ile karata ya samaki chini ya koti la marehemu. Alikuwa anampa iliyo yake.

Wifi aliona. Aliichomoa akaiinua watu wote waone ile mifupa.

“Munaona? Kaka yangu mwenyewe alimuitaka mchawi, nilisikia kwa simu. Huyu mutoto amekula baba yake.”

Mtu wa kwetu Kivu anajua neno hilo linafanya nini. Kwetu mtoto akishaitwa mchawi anafukuzwa, anakwenda kulala sokoni na mbwa.

Pasta aliishika karata kwa kitambaa kama panya aliyeoza. “Nani alikupa Kifo, mtoto?”

“Si kifo, pasta,” binti yangu alimjibu, kwa Kiswahili kizuri, mbele ya kanisa. “Ni samaki.”

Mtu mmoja alicheka. Wengine wakaanza kunena kwa ndimi. Pasta akaitupa karata sakafuni, wakamshika mtoto mikono wakampeleka chumba cha nyuma kumtoa pepo. Nilitaka kusimama. Wale mama wawili walinikandamiza mabega. “Mjane hainuki, mama. Unataka kumfungia marehemu njia?” Mmoja alinijaza kitenge changu mwenyewe mdomoni. Huyo mpaka leo ananitumia salamu za Noeli.

Mtoto aligeuka akaniona nimekaa. Hicho ndicho alichobaki nacho. Walimnyima chakula na maji, wakamnyoa, wakachoma pakiti kwenye maegesho. Kwenye mazishi ya baba yake hakuwepo.

Karata moja hawakuichoma. Ilikuwa imeanguka karibu na godoro, nikaikalia. Waliponiinua kumuaga marehemu, wananishikilia ninavyolia, niliirudisha kifuani kwa mume wangu. Wakafunga sanduku.

Binti alipofikisha umri wa kujiamulia alipanda basi akaenda Buffalo. Nilimfuata. Mimi napanga mtaa mwingine, Kensington-Bailey, nafua mashuka ya hoteli. Jumapili nampelekea sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Anapokea kibarazani, anashukuru kwa Kiingereza, anafunga. Kila nikianza kumweleza alikuwa ananikata: ati nilikaa tu, aliniona.

Mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, nilisema kabla hajanikata. “Karata ya baba yako niliirudisha. Amezikwa nayo.”

Alisimama na sahani mkononi.

“Iliangalia wapi?” aliuliza. Kwa Kiswahili. Karata ikipinduka, inasomwa tofauti.

“Sijui, mama,” nilimjibu. “Walikuwa wanafunga.”

“Hukuangalia?”

“Niliingiza kwa mkono mmoja. Ule mwingine walikuwa wameushika.”

Hakunikaribisha. Alisema tu, “Sahani nitakuletea mimi,” na akafunga mlango polepole.

Nilimwachia mlangoni namba ya basi la kuja kwangu. Jumapili iliyofuata nilipika ndagaa, nikakaa dirishani. Hakuja. Na iliyofuata hakuja. Wifi na pasta, nasikia, wamefungua chumba kikubwa zaidi. Mimi siendi tena Black Rock, maana alisema sahani ataileta yeye, na nikienda kuichukua atajua sikumwamini.