Mbuzi Aliyeitikia

Jumamosi nilimzika binti yangu. Jana mtoto wa jirani aliita "Mama!" nami nikatoka mbio hadi mlangoni.

Nikamkumbuka mbuzi wetu wa kule kijijini Waithaka, nilipokuwa mtoto. Mbweha alikuwa amemla mwanawe, na alasiri moja mimi na baba tulijificha kwenye majani yaliyonuka mvua. Baba alishika upinde, akilia kama mwanambuzi ili mbweha aje.

"Wacha kuchekacheka, Njeri. Huyo ni mjanja kuliko karani wa chifu."

Kichaka kilitikisika. Akatokea mbuzi wetu, kipande cha kamba aliyoikata shingoni, akiita. Nilicheka sana, nikidhani ni mjinga. Baba aliuweka upinde chini. Mbuzi akamkaribia, akamnusa mdomo, akaita tena.