Ratiba Yenye Muhuri wa Kibombo

Nilikuwa na sababu mbili za kwenda Kindu, na moja niliificha.

Ile ya wazi mnaijua, wastaafu wenzangu wa reli hapa Lubumbashi, kwa maana ninyi ndio mlioianzisha. Tulikuwa tumechoka kuzikana. Kila tukikutana ni matangani, na siku moja Mama Odette, aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya reli, akasema mzee anayekaa kitini mwaka mzima hufia kitini. "Twende mahali," alisema. "Juma moja, katika muji ingine, tutembee na miguu yetu." Mkanichagua mimi nipange safari ya kwanza, na mkaniagiza nikirudi niwaandikie ilivyokwenda ili wengine wafuate. Basi someni.

Sababu niliyoificha ni Zaina, mke wangu. Miaka ya vita nilikuwa msaidizi wa mkuu wa stesheni Kibombo, naye alibaki nyumbani kwetu katika kambi ya reli, Kindu. Njia ilipokatika baina yetu nilimwandikia barua: asitoke kwa miguu, angoje, treni ya kuwachukua inatayarishwa. Nilikuwa nimeambiwa hivyo kwa simu, nikaamini. Barua nilimpa mchuuzi mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli. Treni haikutoka. Vita vikanisukuma mpaka kusini, na baada ya miezi mingi nikaletewa habari kwamba Zaina amekufa kwa njaa na homa.

Tangu hapo nimeishi na swali moja: barua ile ilimfikia? Kama haikumfikia, alibaki kwa kudra ya Mungu, nami nina haki ya kumlilia. Kama ilimfikia, basi nilimuua kwa kalamu. Nilikuwa nimesikia kwamba Mwamini, jirani yetu wa kambini, yu hai na anakaa Alunguli, ng'ambo ya mto. Yeye angejua. Sikumwambia mtu yeyote, na zaidi ya wote sikumwambia Salumu, ndugu yake Zaina, dereva wa treni mstaafu, shemeji yangu na rafiki yangu. Safarini tulikuwa watatu: mimi, Mama Odette na Salumu.

Ratiba niliipanga kwa majuma matatu, na mnanijua, mimi si mtu wa kuandika "asubuhi" nikaacha hivyo. Kila matembezi niliyapima kwa goti la kulia la Salumu. Kutembea kabla jua halijakaza, adhuhuri kulala, alasiri jambo moja tu. Odette akaongeza maji ya kuchemsha, dawa za presha, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na karatasi mfukoni mwa kila mtu yenye jina la ugonjwa wake. Safari ya Kailo, ng'ambo ya mto, niliifuta, maana pikipiki na viuno vyetu havipatani. Alhamisi alasiri nikaandika: "Alunguli, kuona bustani za mboga." Kisha, kwa mzaha, nikautoa muhuri wa stesheni ya Kibombo niliokimbia nao mfukoni miaka ile, nikaulowesha wino, nikaugonga chini ya karatasi. Salumu alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa hii njo karatasi ya kweli," alisema. "Hata mvua itaiogopa."

Jumapili mchana ndege ilitutua Kindu, na joto likatupokea mlangoni. Tulifikia kwa Dada Regina, mjane mwenye vyumba vitatu vya wageni na ulimi mwepesi. Alitupa wali na samaki wa Lualaba, akatutazama tunavyodonoa.

"Mababa, kule kwenyu samaki haiko?" aliuliza. "Munakula sawa watu wenye kuogopa sahani."

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, tulianza matembezi ya kwanza. Barabara ni pana na nyekundu, pikipiki zinapita na magunia ya mchele wa Kibombo, na watu walitusalimu kwa heshima tuliyokwisha kuisahau mjini kwetu. Kosa la ratiba lilionekana kabla ya saa moja. Nilikuwa nimeipanga kwa Kindu iliyomo kichwani mwangu. Niliandika tupumzike dakika kumi na mbili kwenye ukuta wa bustani fulani, kumbe ukuta ule umekwisha miaka mingi, na pale pana duka la mafuta ya kula. Salumu alisimama kwa mguu mmoja, ratiba mkononi.

"Shemeji, ukuta yako iko wapi? Nikalie muhuri?"

Odette akamkalisha kwenye kreti ya soda, akampima presha mbele ya wateja, nao wakapanga foleni wakidhani ni huduma ya bure. Alipima watu tisa. Tulicheka sana asubuhi ile, na naiandika kwa sababu sikucheka tena.

Jumanne tulikwenda sokoni, tukarudi kwa njia ya mtoni. Mama Odette alikuwa mbele yetu daima, kikapu mkononi, akiuliza bei za vitu asivyotaka kununua. Mimi nilikuwa natazama ng'ambo. Mto ni mpana pale, lakini si mpana wa kumshinda mtu mwenye mtumbwi, na nilijiuliza kwa nini Zaina hakuvuka. Nililijua jibu moja. Nilikuwa namwomba Mungu anipatie jingine.

Jumatano tulifika kambi ya reli. Nyumba yetu bado imesimama. Ina mlango wa bati na watu wengine, wema, waliotupa viti. Salumu aliwauliza kama wanajua waliokufa miaka ya vita walizikwa wapi. Walitazamana, wakasema wao walikuja baadaye. Alizunguka nyuma ya nyumba akitazama chini, mzee mzima, kama aliyedondosha sindano. Palikuwa na mihogo, vyoo viwili, na nyumba mpya za matofali. Nilitaka kumwambia kuhusu barua, nikatoa ratiba nikatazama saa.

"Dada yangu alikuwa mwepesi wa miguu," Salumu aliniambia tulipokuwa tunarudi. "Tungali watoto, hakuna mwenye alimushinda kukimbia. Sijui kwa nini hakutoka."

Alhamisi, saa nane na nusu, tulivuka kwenda Alunguli. Odette alibaki kitandani na miguu iliyovimba, kwa hiyo tulikuwa wawili. Bustani za mboga tuliziona kweli, lengalenga na bamia mpaka karibu na maji, na Salumu akazisifu kwa adabu. Ndipo nikamwambia kwamba kuna mtu wa kambi anaishi jirani, tumsalimie. Nilisema kama jambo lililonijia njiani.

Mwamini alikuwa uani anapepeta mchele. Amekuwa mdogo, mifupa na kitambaa cha kichwa. Alitutambua wote wawili kwa majina, akatukalisha, akataka kumtuma jirani alete kuku, tukamkataza, akatupakulia wali na sombe ya majani ya mihogo. Hakuonyesha furaha wala chuki. Nilikuwa nimepanga nilianze swali polepole, lakini nikafanya ninalolifanya nikiwa na hofu: nikatoa ratiba mfukoni nitazame saa ya mtumbwi wa kurudi. Mwamini akaiona. Akanyoosha kidole, akakiweka juu ya muhuri.

"Hii kashe," alisema. "Bado uko nayo?"

Salumu aliinua uso.

"Barua ilifika?" niliuliza.

"Ilifika. Yule muchuuzi wa kinga, mwenye baiskeli, aliileta siku ya soko. Sisi tulikuwa tumekwisha funga mizigo, nyumba sita, tuvuke twende Kailo. Pirogi ilikuwa inatungoja. Zaina akasoma, akalia juu ya furaha. Bwana yangu akachukua ile karatasi, akaona kashe. Akasema, hii si barua ya muntu kwa bibi yake, hii njo neno ya stesheni. Akaibandika kwa mulango ya ofisi ya kambi. Tukafungua mizigo."

Niliugonga muhuri ule kwenye barua kwa sababu ya vizuizi vya njiani. Askari walikuwa wakichana barua za watu, lakini karatasi yenye muhuri waliigeuza geuza, wakaiacha ipite. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa akili yangu. Lakini ninyi ni watu wa reli, mnajua. Sisi tulioana na kuzikwa kwa karatasi zenye muhuri. Uvumi tuliupuuza, redio tuliitilia shaka, lakini likija neno lenye muhuri wa stesheni, mtu wa kambi hukaa juu ya mzigo wake na kungoja. Na mimi ndiye niliyewapa neno lile.

"Wa nyumba zingine, wenye hawakungoja," Mwamini aliendelea, "walivuka ile siku. Walilima mihogo Kailo, wako wazima mupaka leo. Kiisha mto ikafungwa. Mwenye kuvuka, risasi. Mashamba haiko, chumvi haiko. Zaina alikuwa anafunga mizigo kila asubuhi, anaikalia. Magaribi anafungua, juu ya kutoa mukeka ya kulala. Kila siku. Mupaka siku moja vidole vilishindwa kukaza kamba, akaniita nimufungie. Ile juma njo alikufa."

"Alinilaumu?"

"Zaina? Hapana. Alikuwa anasema, bwana yangu hapigaki kashe bure."

Alichukua sahani yangu, akaitazama.

"Mimi njo nilikulaumu," alisema. "Watoto wawili na bwana. Nilikulaumu mupaka nikachoka. Kula, muchele itapoa."

Nilikula. Sijui nilimezaje, lakini nilikula wote, kwa sababu yule mama ndiye aliyeupika. Nilitaka kusema nisamehe, nikaona neno lenyewe halitoshi hata kwa mtoto mmoja. Nilikuwa nimekwenda na maiti moja moyoni, nikaondoka na nyumba sita.

Mtumbwi ulipofika katikati ya mto Salumu alinigeukia.

"Ulijua?"

"Kama ilifika, sikujua. Barua yenyewe niliijua."

"Miaka yote hii unakula kwangu."

Tuliposhuka nilimpa mkono kwa sababu ya goti lake, naye akauacha mkono wangu hewani, akashuka kwa kushika ubao.

Ijumaa ratiba ilisema mapumziko, kisha kutembea polepole saa kumi alasiri. Sikutoka chumbani. Odette alinipima presha mara tatu, akazificha namba. Salumu alikwenda msikitini, na kutoka huko akavuka tena Alunguli peke yake. Alirudi jioni, akasimama mlangoni pangu bila kuingia.

"Mwamini anajua pahali dada iko," alisema. "Kesho atanionyesha. Nitabakia hapa, nitengeneze kaburi."

"Twende wote, Salumu."

"Wewe usikuje."

Nimemjua mtu huyu tangu nilipopeleka posa kwao, na hajawahi kunikataza kitu. Sikubishana. Nina haki gani ya kubishana? Kaburi la mke wangu liko Kindu, kuna watu wawili duniani wanaojua mahali pake, na mmoja wao ni shemeji yangu asiyetaka nifike. Nikamwambia sawa.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, mimi na Odette tulipeleka mizigo stesheni. Kurudi kwa treni lilikuwa wazo langu, kwa heshima ya kazi yetu, na treni ilikuwa imetangazwa. Nyasi zilikuwa zimepanda katikati ya reli. Watu wengi walikaa juu ya mabunda yao na masufuria yao, na kwa sura zao hawakuwa wamefika leo. Mama mmoja, bunda lake limefungwa vizuri kwa kamba ya mkonge, aliiona kofia yangu ya zamani ya reli akanijia.

"Papa, wewe njo wa reli? Treni itakuja?"

Neno lilipanda lenyewe kooni. Nimelisema tangu ujana wangu, kwa maelfu ya watu, nimelisema nikiwa na usingizi: itakuja. Nikalimeza.

"Sijui, mama. Unakwenda wapi?"

"Kibombo."

"Pikipiki za Kibombo ziko?"

"Ziko."

"Basi panda leo. Usingoje."

Alinitazama kwa mashaka, mzee mwenye kofia ya reli anayemkataza treni. Akamgeukia kijana wa stesheni aliyekuwa anapita na karatasi mkononi, akamwuliza lile lile. "Itakuja, mama," kijana akamjibu kwa upole, naye alisema kweli kadiri ya alivyoambiwa. Yule mama akanishukuru, akarudi mahali pake, akakaa juu ya bunda. Nilimfuata, nikamsihi mara ya pili, nadhani nilipaza sauti, maana Odette alinishika mkono akaniondoa. Tulipotazama nyuma bado alikuwa ameketi.

Mpaka Jumatatu treni ilikuwa haijaja, tukarudi kwa ndege, watu wawili badala ya watatu.

Mliniagiza ratiba. Nimeiandika upya, nayo imeambatanishwa hapa. Tembeeni asubuhi, jambo moja kwa siku linatosha, kreti ya soda chukueni yenu, na kwa Dada Regina kuleni bila kuogopa. Msiende na mtu mliyemficha jambo. Saa nimeziandika kwa penseli, na chini ya karatasi hakuna muhuri. Mkifika mahali mkaona watu wanavuka, vukeni nao, hata kama nimeandika mngoje.